Mayai ya Nyuki Wafanyakazi na Historia ya Nta: Mtazamo kutoka Mocímboa da Praia

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya maarifa kuhusu utagaji wa nyuki wafanyakazi pamoja na athari zake za kijenetiki, na kuihusisha na historia ya urinaji wa asali na biashara ya nta katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Hoja yake kuu ni kwamba ukubwa wa athari hizo umetegemea zaidi namna binadamu walivyowahamisha nyuki kuliko tabia ya nyuki wenyewe. Matukio mawili yanatumika kuipima hoja hiyo: lile la Brazili la mwaka 1956 na 1957, na lile la Afrika Kusini la mwaka 1990. Sehemu ya mwisho inaitazama miradi ya mizinga inayopendekezwa kwa wilaya za kaskazini mwa Msumbiji.

Utangulizi

Mtafiti anayezichungua bidhaa zilizosafirishwa kutoka Ibo na bandari ndogo za jirani katika karne ya 19 hukutana na pembe za ndovu, watumwa, mpira wa porini na nta. Pembe na watumwa vimeandikiwa vitabu vizito, kikiwamo cha Edward Alpers cha mwaka 1975. Nta hutajwa kwa kupita, kama kwamba ilijileta yenyewe bandarini. Hata hivyo kila kipande cha nta kilichopakiwa jahazini kilitoka katika kundi la nyuki lililovunjiwa makazi yake, na kilichotokea katika kundi hilo baada ya mrina asali kuondoka ni sehemu ya historia ya pwani hii, japokuwa hakuna karani aliyeiandika.

Mocímboa da Praia inafaa kuwa mahali pa kuanzia. Mji huu wa Wamwani, ambao Kimwani chao ni jirani wa karibu wa Kiswahili, una nyuma yake nyanda za juu za Mueda wanakoishi Wamakonde, na mbali zaidi bara kuna Wamakua na Wayao. Kuanzia mwaka 1891, eneo hili liliwekwa chini ya hati ya Companhia do Niassa, kampuni iliyotawala kaskazini hadi mwaka 1929 na kuyakamua mazao ya misitu bila kuyapanda. Nta ilitumika nyumbani pia. Wachongaji wa Kimakonde walibandika vipande vyembamba vya nta juu ya vinyago vya mapiko ili kuonyesha chale za usoni, na vinyago vya namna hiyo vimo leo katika makumbusho ya Ulaya. Anayevitazama anatazama mazao ya nyuki wa nyanda za Mueda, ingawa maelezo ya makumbusho kwa kawaida humtaja mchongaji peke yake, tena kama wamebahatika kumjua.

Ndege, mishumaa na nta

Ushahidi wa maandishi kuhusu nta katika pwani ya Msumbiji ni wa zamani. João dos Santos, padre wa shirika la Wadominiko aliyefanya kazi Sofala mwishoni mwa karne ya 16 na baadaye katika visiwa vya Kerimba, alieleza katika kitabu chake *Ethiopia Oriental* cha mwaka 1609 jinsi ndege mdogo alivyokuwa akiingia kanisani na kuidonoa nta ya mishumaa. Aliandika pia kwamba ndege huyo huwaongoza watu hadi kwenye mizinga ya porini. Ni mlembe, na tabia aliyoieleza padre yule ingalipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Claire Spottiswoode pamoja na Keith na Colleen Begg, uliofanywa miongoni mwa Wayao katika hifadhi ya Niassa, ulionyesha kwamba mlio maalumu ambao warina asali hurithishwa na baba zao huongeza uwezekano wa kuongozwa na mlembe kutoka asilimia 33 hadi asilimia 66.

Kwa bahati, mwaka huohuo wa 1609 Charles Butler alichapisha Uingereza kitabu kilichowasadikisha wasomaji wake kwamba kiongozi wa mzinga ni jike. Tangu Aristotle, wengi walikuwa wakimwita mfalme. Miaka ile, basi, mtu mmoja aliandika kuhusu utawala ndani ya mzinga na mwingine kuhusu njia ya kuufikia. Elimu ya kwanza ilikua ikawa sayansi ya nyuki. Ile ya pili ilibaki vinywani mwa warina asali, na wasomi wa Ulaya waliichukulia kuwa kisa cha kustaajabisha tu.

Mayai yasiyo na baba

Ili hoja yetu ieleweke, hatuna budi kueleza kwa ufupi uzazi wa nyuki. Malkia huruka mara chache mwanzoni mwa maisha yake na kupandwa na madume wengi angani, mara nyingi kumi au zaidi, kisha huhifadhi mbegu zao kwa miaka. Yai analolirutubisha huwa jike: mfanyakazi, au malkia kama buu lake litalishwa kwa namna ya pekee. Yai asilolirutubisha huwa dume. Jambo hili lilitangazwa mwaka 1845 na Johann Dzierzon, padre wa Silesia, na lilipingwa kwa miaka kadhaa kabla ya kukubaliwa. Dume la nyuki, kwa hiyo, hana baba, bali ana babu.

Nyuki wafanyakazi, ambao wafugaji wengi wa Tanzania huwaita vibarua, nao ni majike. Wana ovari ndogo na hawapandwi. Malkia akiwapo na afya njema, harufu zake na za majana wake huzizuia ovari hizo zisikue. Hata hivyo wachache hutaga, na hapo hukutana na askari: wafanyakazi wenzao huyatafuta mayai hayo na kuyala. Francis Ratnieks alieleza mwaka 1988 kwa nini iwe hivyo, na mwaka uliofuata yeye na Kirk Visscher walionyesha kwa majaribio kwamba kweli hutokea. Kwa kuwa malkia amepandwa na madume wengi, mfanyakazi ana undugu wa robo na kaka yake, mtoto wa malkia, lakini ana undugu wa thumni tu na mtoto wa dada yake wa baba mwingine. Kwa hesabu ya jeni, inamfaa kulilinda yai la mama na kulila la dada. Katika makundi ya nyuki wa Ulaya yenye malkia, dume mmoja hivi kati ya 1,000 ndiye huzaliwa na mfanyakazi.

Malkia akifa, hali hubadilika. Kundi likiwa na mayai au mabuu wachanga wasiozidi siku tatu, hulea malkia mpya. Likiwa halina, baada ya muda wafanyakazi huanza kutaga, mayai mengi katika chumba kimoja cha sega, tena mengine yakiwa yamebandikwa ukutani kwa kuwa tumbo la mfanyakazi ni fupi na halifiki chini. Nyuki wa Afrika hufikia hatua hiyo mapema kuliko wa Ulaya, kwa siku badala ya majuma. Kinachozaliwa ni madume watupu, na kundi hufifia hadi kuisha.

Madume hawa wa mwisho ni wadogo lakini wana mbegu hai. Tena wana jambo ambalo madume wa malkia hawana. Mtoto wa kiume wa malkia hubeba jeni za malkia peke yake, ilhali mtoto wa kiume wa mfanyakazi hubeba mchanganyiko wa jeni za malkia na za madume waliompanda. Kundi linalokufa bila malkia hutoa angani, kwa majuma machache, urithi wa baba zake wote. Kwa lugha ya mirathi, ni kama nyumba isiyo na mrithi inayogawa mali yake yote kwa majirani kabla ya mlango kufungwa.

Sasa turudi porini nyuma ya Mocímboa da Praia. Katika urinaji wa moto na shoka, mti hupasuliwa na masega yote hutolewa, ya asali na ya majana pia, kwani majana huliwa na masega makavu yana nta. Mara nyingi nyuki huhama wakiwa na malkia wao, kwa kuwa nyuki wa Afrika ni wepesi wa kuhama. Malkia akifa katika moshi, kundi linabaki bila yeye na bila mabuu wachanga wa kumlelea mrithi, yaani katika hali ileile inayowafanya wafanyakazi watage. Hitimisho hili nalitoa katika bayolojia, wala si katika nyaraka za Companhia do Niassa; lakini sioni namna ya kulikwepa. Mahitaji ya nta yalipopanda, makundi yasiyo na malkia yaliongezeka, na pamoja nayo madume wa aina hii. Athari yake kwa nyuki wa eneo haikuwa maangamizi. Misitu ilikuwa mipana, makundi ya porini yalikuwa mengi, na jeni zilizomwagwa na kundi moja zilipokewa na malkia wa makundi mengine ya palepale. Biashara ya nta ilipunguza idadi ya nyuki, lakini haikuwaleta wageni.

Ugunduzi wa Uitenhage

Kanuni ya Dzierzon ilikutana na kikwazo barani Afrika. Mwaka 1912 mfugaji wa Uitenhage, George William Onions, aliandika katika jarida la kilimo la Muungano wa Afrika Kusini kwamba wafanyakazi wa nyuki wa Rasi, wasiopandwa kamwe, hutaga mayai yanayokuwa majike. Kwa wasomi waliokwisha kuizoea kanuni, habari hiyo ilikuwa kama kusema kuku ametaga bata. Rupert Jack, mtaalamu wa wadudu wa serikali ya Rhodesia ya Kusini, aliyachukulia majaribio ya Onions kwa uzito na kuyaandikia mwaka 1916, lakini kwa miongo mingi jambo lenyewe lilibaki pembezoni mwa sayansi. Nathubutu kusema kwamba lingetoka Silesia lisingechelewa hivyo.

Utaratibu wake ulifafanuliwa mwaka 1983 na Verma na Ruttner. Yai linapojigawa, kiini chake huungana tena na kiini ndugu kilichotokana na mgawanyiko huohuo, na hivyo idadi kamili ya kromosomu hurejea bila mbegu ya dume. Wataalamu huuita uzazi huu telitokia. Mfanyakazi wa Rasi anaweza kumzaa binti anayekaribia kufanana naye katika kila jeni, na kundi lililopoteza malkia linaweza kulea malkia mpya kutokana na yai la mfanyakazi. Baadhi ya wataalamu wamedhani kwamba pepo kali za Rasi, zinazoweza kumpoteza malkia katika safari ya kupandwa, ndizo zilizoufanya uwezo huo uwe na faida.

Kuna mpaka wa ndani katika uwezo huo. Jinsia ya nyuki huamuliwa na jeni moja: mwenye nakala mbili tofauti huwa jike, na mwenye nakala mbili zinazofanana huwa dume asiyefaa, ambaye wafanyakazi humla akingali buu. Ukoo unaojizaa wenyewe ukipoteza tofauti katika jeni hiyo, umekwisha. Nyuki wa Rasi huepuka hatari hiyo kwa sababu kromosomu zao hubadilishana vipande kwa nadra sana wakati wa kutaga kwa telitokia, na kwa sababu mabuu waliopoteza tofauti hizo hawafiki ukubwani.

Mwaka 1956 na mwaka 1990

Kwa muda mrefu nyuki wa Rasi na jirani zao wa nyanda za kaskazini, wanaoitwa scutellata, waliishi bega kwa bega, na katikati yao kulikuwa na ukanda wa mchanganyiko. Ukanda huo ulidumu bila kusimamiwa na mtu. Mwaka 1990 wafugaji walipakia makundi yapatayo 200 ya nyuki wa Rasi katika magari na kuyapeleka kaskazini, kwenye maua ya mishubiri ambako mizinga mingi ya scutellata ilikuwa imekusanywa mahali pamoja. Wafanyakazi wa Rasi waliingia katika mizinga ya wenyeji, wakatoa harufu inayofanana na ya malkia, wakataga. Mayai yao hayakuliwa kama mayai mengine ya wafanyakazi. Mabinti zao hawakwenda kutafuta chakula, walitaga pia. Malkia wa mzinga alikufa, idadi ya wenye kufanya kazi ikapungua, na kundi lilipokufa wavamizi walitawanyika kuingia mizinga mingine. Wafugaji walipoteza makundi kwa maelfu.

Uchunguzi wa jeni uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba wavamizi wote hawa ni wa kloni moja, uzao wa mfanyakazi mmoja aliyeishi wakati ule. Nyuki asiye malkia, ambaye kwa kawaida angeishi majuma machache, amejizidisha mara zisizohesabika kwa zaidi ya miongo mitatu. Lakini tuangalie kilichomwezesha. Telitokia ilikuwapo tangu zamani, na Onions aliiona miaka 78 kabla. Kilichokuwa kipya ni lori, pamoja na mizinga iliyopangwa kwa karibu kiasi kwamba nyuki aliyepotea njia hukuta mlango mwingine hatua chache mbele. Porini, ambako makundi hukaa mbalimbali, mvamizi aliyemuua mwenyeji wake mara nyingi hufa naye.

Tukio la pili linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu zaidi. Mwaka 1956 Warwick Kerr, mtaalamu wa jeni wa Brazili, alikuja Afrika kutafuta nyuki wenye kuzalisha asali nyingi katika nchi za joto. Miongoni mwa malkia waliofika wakiwa hai huko Rio Claro, karibu wote walitoka Afrika Kusini, na mmoja alitoka Tabora, Tanganyika. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka. Uzao wao ulichanganyika na nyuki wenye asili ya Ulaya na kuenea katika bara zima, na mwezi wa Oktoba 1990 ulivuka mpaka wa Texas, mwaka uleule wa balaa la Afrika Kusini. Nyuki wale hawakuwa na telitokia ya Rasi. Walitumia njia ya kawaida: malkia, madume wengi angani, na mabumba yanayohama. Njia za uzazi zilitofautiana kabisa. Kilichofanana ni safari iliyoanzishwa na binadamu.

Nyuki wa pwani na mizinga mipya

Francis G. Smith, ofisa wa ufugaji nyuki wa Tanganyika, ndiye aliyewatofautisha kitaalamu nyuki wa pwani yetu. Katika makala yake ya mwaka 1961 kuhusu nyuki wa Afrika aliwatenga nyuki wadogo wenye rangi ya manjano wa ukanda wa chini wa pwani na kuwaita litorea, na nyuki weusi wa misitu ya milimani akawaita monticola. Friedrich Ruttner alipoandika kitabu chake kikubwa mwaka 1988 aliukubali mgawanyo huo. Litorea huishi kandokando ya bahari kutoka Kenya kupitia Tanzania hadi Msumbiji, na wale wa Mocímboa da Praia na wa Mtwara ni wamoja. Mto Ruvuma, uliogawa himaya za Wajerumani na Wareno, haujawahi kuwa kizuizi kwa bumba la nyuki.

Kwa nini ukoo huu umebaki wazi na wa porini? Jibu langu linarudi kwa mrina asali. Ufugaji wa kale wa pwani na bara lake, pale ulipokuwapo, ulikuwa wa kutundika mzinga mtupu na kungoja nyuki waje wenyewe. Hapakuwa na soko la malkia, wala mtu aliyesafirisha kundi kutoka Rasi au Ulaya. Wataalamu wa kikoloni waliuita utaratibu huo duni, na kwa kipimo cha kilo za asali walikuwa na haki. Kwa kipimo cha jeni ulikuwa kinga, hata kama hakuna aliyeukusudia kuwa hivyo.

Suala hili si la kinadharia leo. Mocímboa da Praia ilishambuliwa Oktoba 2017, ikatekwa Agosti 2020, na kurejeshwa mikononi mwa serikali Agosti 2021. Wakazi waliorudi wanahitaji riziki isiyongoja mavuno marefu wala mtaji mkubwa, na ufugaji nyuki ni miongoni mwa mambo yanayopendekezwa kila mara kwa wilaya za namna hii. Napendekeza nami pia. Tofauti itakuja katika namna mzinga unavyopata wakazi wake. Mradi unaotaka takwimu za haraka utavutiwa kununua makundi yaliyokwisha kujaa kutoka kusini, yaje kwa barabara yakiwa tayari kuhesabiwa katika ripoti ya robo mwaka. Msumbiji inapakana na Afrika Kusini, na mfanyakazi mmoja wa ile kloni hahitaji malkia ili asafiri: anahitaji mzinga uliofunguliwa kizembe. Mradi wenye subira utatundika mizinga mitupu iliyopakwa nta katika miti ya Mueda na mikoko ya pwani, uitenganishe kwa umbali wa kutosha, na kungoja msimu wa mabumba. Idadi yake katika ripoti ya kwanza itakuwa ndogo.

Afrika Kusini yenyewe, baada ya hasara ile, iliweka kwa sheria mstari ambao nyuki wa Rasi na wale wa kaskazini hawaruhusiwi kuvushwa, na hata hivyo kloni imeendelea kuishi upande wa kaskazini wa mstari huo. Kwa pwani ya litorea, mstari unaofaa hauwezi kuwa Ruvuma, kwa kuwa nyuki wa ng'ambo zote mbili ni ndugu. Ungepaswa kuchorwa kusini zaidi, na kukubaliwa kwa pamoja na maofisa wa Pemba na wa Mtwara, ambao wana faida ya kuweza kuzungumza suala hili kwa Kiswahili bila mkalimani.